Mwanamke Aliyeomba Fedha za Kuhasi Mbwa

Kawajense nzima, mtaa wetu hapa Mpanda, ilimwita Bwana Mifugo, na hakuna aliyeona ajabu kwamba Bwana huyo alivaa kitenge na kusuka nywele za mistari. Wageni walipojaribu kumwita Mama Mifugo aliwasahihisha palepale. "Cheo nilichoajiriwa nacho ni Bwana Mifugo," alisema. "Kama walikosea, walikosea kabla yangu." Hata watoto wa shule walimwamkia, "Shikamoo Bwana Mifugo," naye aliitikia marahaba bila kupunguza mwendo. Alikuwa mtu wa kutembea haraka, mwili umeinama mbele kidogo kama anayepanda mlima, hata pale barabara ilipokuwa tambarare.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya makaratasi. Nilikuwa na kibanda cha steshenari karibu na soko la Mpanda, kompyuta moja, printa moja na mashine ya kopi iliyokuwa na hasira zake. Siku ya kwanza aliingia na daftari la shule lililojaa mwandiko mnene, akaniuliza kama naweza kuandika barua ya kwenda kwa wafadhili. Nikasema naweza. Kwa Kiingereza? Nikasema naweza, nimefika kidato cha sita. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Basi kaa vizuri, mwanangu," akasema, "maana leo hatumalizi."

Hatukumaliza siku hiyo, wala mwaka huo. Alikuwa amebakiza miaka michache tu astaafu, nami nilikuwa sijaolewa bado. Wakati tunamaliza, kama kuna tulichomaliza, alikuwa mstaafu na mimi nina watoto wawili.

Ombi lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Alitaka ruzuku ya kumleta daktari wa mifugo anayejua upasuaji, pamoja na dawa ya usingizi, nyuzi za kushonea na chanjo ya kichaa cha mbwa, ili mbwa na paka wa mji na vijiji vya jirani wahasiwe na kuchanjwa bure, wenye wenyewe na wasio na wenyewe. Basi. Lakini kila mtu aliyemsikia alicheka kwanza. Mji una shida ya maji, dawa hospitalini zinakatika, na huyu mama anaomba fedha za korodani za mbwa. Yeye aliwasubiri wamalize kucheka. Hakuwahi kucheka nao, wala sikumwona akikasirika.

Kwenye kibanda changu hakukaa kamwe. Alisimama nyuma ya bega langu akisema, mimi nikipiga kwenye kompyuta. Maneno ya kupamba hakuyapenda. Siku moja niliandika kwamba wananchi wa Mpanda ni maskini sana. Nilipomtafsiria, akaniuliza, "Maskini wa nini? Wote? Hata yule mwenye hoteli?" Akataka nifute. Niandike kwamba familia moja ya wakulima ikiumwa na mbwa inauza debe la mahindi kwa ajili ya nauli ya kufuata sindano, na kuna siku inafika na sindano hazipo. "Hilo nimeliona," alisema. "La umaskini nimelisikia tu kwenye redio."

Majibu yalikuja kwa barua pepe, nami nilimsomea. Wengine walisema eneo letu haliko kwenye mpango wao. Kuna waliotaka kikundi kilichosajiliwa, akaunda kikundi: yeye, mchinjaji mmoja wa machinjioni na mwalimu mstaafu wa dini. Walipojiandikisha, wafadhili walewale wakasema mwaka huu wanatoa fedha za nyuki. Akaniambia nifungue faili jipya. Aliamini kwamba kukataliwa ni hatua ya safari, kama vile kituo cha gari moshi ambapo hushuki, unangoja tu litoke.

Ajabu yake kubwa ni kwamba mbwa hakuwapenda. Hakufuga hata mmoja. Mbwa akimkaribia barabarani alimwambia "Toka" kwa sauti ileile ambayo wengine humwambia mwizi. Paka aliwahurumia kidogo, ila alificha. Nilimwona mara moja nyuma ya bucha akimrushia paka kipande cha utumbo, kisha akageuka huku na huku kuona kama yuko mtu.

"Sasa kama huwapendi, haya yote ya nini?" nilimuuliza siku moja ya mvua. Maji yalikuwa yamefunika mfereji, wateja hakuna, umeme umekatika. Alikuwa amesimama mlangoni akiitazama barabara.

"Nimewaua wengi," akasema.

Akanieleza. Alipokuwa mgeni kazini, katika mji mwingine nisioutaja, mbwa walizidi na watu wakalalamika. Ikaja amri watiliwe sumu. Alipewa ndoo ya nyama na orodha ya mitaa. Alipita akiirusha nyama kwenye majalala na pembeni mwa machinjio, kisha akarudi na mkokoteni kuokota.

"Kulikuwa na jike mmoja," alisema, "ameshakula, anatambaa kurudi alikotoka. Nikamfuata nione anakwenda wapi. Nyuma ya nyumba fulani walikuwemo watoto wake sita, hata macho hawajafungua. Akafika, akalala ubavu, wakaanza kunyonya. Na ile sumu iko mwilini mwake."

"Ukawatoa?"

"Sikuwatoa. Nilikuwa na mitaa mingine miwili."

Mvua iliendelea. Baada ya kitambo akasema kwamba kilichomtesa si yule jike peke yake. Mwaka uliofuata alipita mitaa ileile na mbwa walikuwa kama mwanzo. Wale waliobaki walizaa, wengine wakahamia kutoka vijijini. Akapewa ndoo nyingine. "Unaona, mwanangu? Hata kama roho yangu ingekuwa ngumu kama jiwe, ile kazi ilikuwa ya bure. Tuliua bure. Mbwa asiyezaa huna haja ya kumuua, atazeeka mwenyewe."

Hakuwahi kulizungumza tena, nami sikumuuliza.

Kwenye mikutano alikuwa mtu mwingine kabisa. Nilikwenda naye kijiji cha Sibwesa mara moja kupiga picha za kuambatisha kwenye ombi. Wafugaji walikuja wengi, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita, na upande wa pili wakakaa wakulima wa mahindi. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alisimama akiegemea fimbo.

"Sisi tumeelewa," alisema. "Leo mnaanza na mbwa. Kesho nyie nyie mtakuja na makasi kwa wake zetu."

Watu wakapiga makofi. Bwana Mifugo akangoja kelele ziishe.

"Mzee wangu, mwangaluka," akamsalimu kwa Kisukuma. Mzee akaitikia. "Una maksai wangapi?"

"Wanne."

"Nani aliwahasi?"

"Mimi mwenyewe, na wanangu."

"Na mlipowahasi, wake zako waliacha kuzaa?"

Kicheko kilichofuata kilimfanya mzee naye acheke hadi akaketi. Lakini hakuwa amemaliza. Alisimama tena kuuliza kama mbwa aliyehasiwa ataweza kulinda zizi, maana fisi hajui habari za wafadhili. Bwana Mifugo akamuuliza kama maksai wake akimkanyaga mguu hauumii. Mpaka tunaondoka, mzee yule alikuwa ameandikisha mbwa watano, na ruzuku yenyewe hatukuwa nayo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka. Naliandika kwa ruhusa ya mama mhusika, ruhusa ambayo nilichelewa sana kuiomba. Jina lake silitaji, wala la kijiji chake.

Katika kijiji hicho mtoto wa kike wa miaka minane aliumwa na mbwa mguuni akitoka kuchota maji. Kidonda kilikuwa kidogo, kikapona. Wiki kadhaa baadaye akaanza homa, na maji akawa hawezi kuyatazama. Bwana Mifugo alikuwa kijijini hapo kwa kazi ya chanjo ya kuku, akaitwa kwa sababu watu walisema ni ugonjwa wa mbwa na yeye ndiye mtu wa mbwa. Aliingia, akamwona mtoto, akajua. Ugonjwa huo ukishafika hapo hauna dawa. Alikaa na yule mama mpaka mwisho, na mwisho haukuwa mwepesi. Walipomaliza kuzika, mama alimshika mkono akamwomba kitu kimoja: watu wasijue siku za mwisho za mtoto zilikuwaje. Tayari kijijini walikuwa wananong'ona kwamba mtoto aligeuka mbwa. Bwana Mifugo akaahidi.

Mimi nililijuaje? Alinieleza kwa sababu ya fomu. Tulikuwa tunajaza ombi kwa mfadhili mpya, wa mbali, na kulikuwa na sehemu iliyosema: eleza kisa cha mtu mmoja aliyeathirika. Aliniambia niache kupiga. Kisha akanisimulia yote, mpaka mwisho, akasema, "Kisa ninacho. Lakini si changu. Paache wazi."

"Wakiona ni patupu watatukataa," nilisema.

"Watukatae."

Akaondoka kwa haraka yake ileile. Fomu ilitakiwa siku hiyo kabla ya ofisi zao kufungwa. Nilibaki na ule mstatili mtupu kwenye kioo. Nilifikiria miaka tuliyoandika, yale mafaili yote, yeye amesimama nyuma ya bega langu na miguu imeanza kumvimba. Nikapajaza. Nilieleza siku za mwisho za mtoto, moja baada ya nyingine, kwa Kiingereza kizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Niliweka jina lake la kwanza na jina la kijiji. Nikatuma. Niliyoyaandika sitayarudia hapa.

Ruzuku ikaja.

Nilipomsomea barua, mara ya kwanza tangu nimfahamu, Bwana Mifugo alikaa. Alikaa juu ya boksi la karatasi za printa, akavua viatu. "Soma tena," akasema. Nikasoma tena. Akatoka akaenda kumwambia mchinjaji, na nikamsikia mchinjaji akipiga kelele mpaka kule stendi.

Siku za upasuaji sitazisahau. Daktari kijana alikuja kutoka Sumbawanga na masanduku yake, tukapewa ghala la tumbaku lililokuwa tupu. Harufu ya tumbaku ilikuwa bado imeganda ukutani, daktari akapiga chafya asubuhi nzima. Watu walileta mbwa kwa kamba za katani, wengine kwenye mikokoteni. Paka walikuja ndani ya matenga ya kuku na viroba vya salfeti, wakilia. Mama mmoja mwenye lafudhi ya Kirundi alitembea tangu alfajiri na mbwa mgongoni, amembeba kwa khanga kama mtoto, kwa sababu mbwa alikataa kutembea. Yule mzee wa Sibwesa alikuja na watano wake kama alivyoahidi, akakaa benchi la mbele akimkagua daktari anavyoshona, na mara mbili akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Bwana Mifugo alikuwa kila mahali. Alipima uzito, akashika miguu, akafunga bandeji. Mbwa waliokuwa wanazinduka aliwafunika kwa magunia ili wasipate baridi, na alikaa kati yao sakafuni, mkono wake juu ya ubavu wa huyu kisha wa yule, akihesabu pumzi. Ni wakati huo tu nilimwona akimgusa mbwa polepole. Nilipomwangalia alisema, kana kwamba nimemshitaki, "Dawa ya usingizi inashusha moyo. Lazima mtu ahesabu."

Miezi michache baada ya hapo wakaja wageni wa mfadhili, wawili, na mkalimani wao. Walikuwa watu wema, naomba ieleweke hivyo. Walitembelea ghala, wakasalimia kikundi, wakafurahi. Kisha mmoja akatoa karatasi ngumu inayong'aa, iliyochapishwa kwao kwa ajili ya kuchangisha. Juu kulikuwa na picha ya mtoto yeyote tu, si yeye. Chini kulikuwa na maneno yangu. Mkalimani akasema wangependa kwenda kijijini kumwona mama wa mtoto huyu, wamrekodi kidogo, kwa ajili ya awamu ya pili.

"Mtoto gani?" Bwana Mifugo akauliza.

Mkalimani akasoma jina.

Alinigeukia. Sikuweza kumtazama. Niliitazama ile karatasi mkononi mwa mgeni kama vile nami naiona kwa mara ya kwanza. Hakuniuliza chochote mbele yao. Alimvuta mkalimani pembeni, wakaongea kidogo kwa sauti ya chini, kisha akarudi akasema kwamba hawataenda kijijini, si leo wala kesho. Mgeni akaeleza kwa upole kwamba bila kisa, awamu ya pili itakuwa ngumu. Akajibu, "Mwambie nimesikia." Tabu ni kwamba walikuwa wameshampigia simu mtendaji wa kijiji tangu jana yake, naye alishamwambia mama ajiandae, wanakuja wazungu wenye karatasi ya mwanawe.

Siku hiyohiyo tulikwenda, mimi na yeye, mshikaki juu ya pikipiki moja, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimeshika kiuno chake. Tulimkuta mama anapeta mchele uani. Hakutukaribisha kukaa.

Bwana Mifugo alipiga magoti. Mtu mzima wa umri wake, kwenye vumbi, mbele ya mwanamke wa umri wa binti yake. "Mwanangu, nimekosa," alisema. "Ulinipa kitu nikitunze, sikukitunza. Mdomo uliosema ni wangu."

Nilisimama pale. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na nafasi ilikuwa ndefu, kwa sababu mama aliendelea kupeta mchele muda mrefu kabla ya kuinua macho. Alipoinua hakumtazama Bwana Mifugo. Alinitazama mimi, dada wa mjini mwenye begi la kompyuta.

"Wameandika na siku zake za mwisho?"

"Hapana, mama," nikasema. "Wameandika tu kwamba alifariki."

Akarudi kwenye ungo wake.

Tangu siku hiyo Bwana Mifugo hakukanyaga kibanda changu. Hatukugombana. Tukikutana sokoni aliniuliza habari za watoto, akanisikiliza mpaka mwisho, akapita. Nilisikia kwamba maombi yake anayaandika kwa mkono, kwa Kiswahili, anayapeleka posta mwenyewe. Awamu ya pili haikuja. Barua ya kusema hivyo ilikuja kwenye kompyuta yangu, nikaichapa nikampelekea mchinjaji ampe, kwa sababu miguu yangu ilikataa kwenda nyumbani kwake.

Mbwa waliohasiwa walizeeka taratibu, kama alivyosema. Ila walikuwa sehemu tu ya mbwa wa mji, na wengine waliendelea kuzaa. Halafu mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, gari la matangazo likapita likisema kwamba kila mwenye mbwa amfunge, mbwa watakaokutwa wakizurura watauawa. Nilitoka mlangoni. Nyuma ya gari, kama hatua hamsini hivi, alikuwa anakuja Bwana Mifugo kwa miguu, sasa na fimbo. Hakuwa na kipaza sauti. Alikuwa anabisha hodi nyumba moja moja, anasema, "Gari limesema wafungwe. Kamba unayo?" Asiyekuwa na kamba alipewa, kutoka kwenye mfuko wa salfeti aliobeba begani. Nilitaka kwenda kumsaidia kubeba. Kulikuwa na mteja anangoja kopi. Nikampa kopi zake, na nilipotoka tena alikuwa ameshapinda kona.

Asubuhi yake mkokoteni ulipita. Sikuhesabu.

Baadaye nikasikia amehamia Karema, kando ya ziwa, kwa mdogo wake. Kisha mchinjaji akaja kibandani kununua bahasha ambayo hakuihitaji, akaniambia amepigwa kiharusi, upande wa kulia. "Anaongea," alisema. "Ila pole pole. Kama unakwenda, nenda."

Nilishika simu kutafuta gari la Karema, nikajua kwamba siwezi kwenda nikiwa hivi nilivyo. Nikakodi pikipiki kwenda kule kijijini kwanza.

Mama alikuwa ameanza mvi. Safari hii alinipa kigoda. Nikamwambia yote bila kujitetea: kwamba niliandika mimi, kwamba niliagizwa niache wazi, kwamba nilipomjibu hapana nilimdanganya, na kwamba yule aliyepiga magoti hakuwa na kosa ila kuniamini. Alingoja nimalize.

"Nilijua," akasema. "Mtendaji alipewa ile karatasi. Nilimpelekea mwalimu wa shule, akanisomea."

"Lini?"

"Wiki ileile."

Miaka yote hiyo.

"Nilikuwa nangoja kuona nani kati yenu atakuja kuniambia," akasema. "Yeye alikuja mara mbili. Anafika hapo kwenye mihogo, anasimama, anageuza. Nilikuwa namwona." Kisha akanielekeza kwa kidevu nyuma ya jiko. Alikuwepo mbwa mdogo wa rangi ya majani makavu, amefungwa kwa kipande cha khanga, anatutazama. "Alikuja mwenyewe, sikumwita. Nilimfukuza kwa mawe, akarudi. Jike. Mwambie Bwana Mifugo aje amfunge uzazi. Sitaki azae hapa. Mwambie nimemwita mimi."

Nikamuuliza kama siku moja naweza kuyaandika haya. Akafikiri, akasema niandike, ila mwisho wa mtoto niuache alikouzika yeye.

Karema nilifika kesho yake mchana. Nyumba ya mdogo wake iko nyuma ya majengo ya misheni, uani wameanika dagaa, na upepo wa ziwa unapeperusha harufu yake mpaka ndani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu mwingine. Uso ulikuwa umeshuka upande mmoja. Lakini macho yalikuwa yaleyale, yakanipima kuanzia kichwani.

"Umenenepa," akasema.

"Shikamoo Bwana Mifugo."

"Marahaba."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia nimetoka wapi. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika mahali ambapo nilikiri uongo wangu kwa mama, akainua mkono wa kushoto kunisimamisha.

"Nilijua unadanganya," akasema. Maneno yalitoka moja moja, kila moja limebebwa kwa taabu. "Mkalimani alinisomea yote, pale ghalani. Nilipiga magoti nikijua. Nawe uliposema hapana, nikanyamaza. Yule mama alikuwa anaitaka sana, hiyo hapana."

"Nilidhani umenikasirikia."

"Nilikukasirikia. Sana." Akapumzika. "Halafu nikaona aibu na mimi. Nikawa siwezi kuja kukaa na wewe tukijifanya tunaandika."

Nililia. Hakunikataza wala kunibembeleza. Mdogo wake alitoka na chai, akaona, akairudisha ndani.

Nilipoweza kuongea nikamwambia kwamba mama alijua tangu mwanzo, na kwamba alimwona kwenye mihogo, mara zote mbili. Alifungua macho. Nikamwambia habari ya yule mbwa, nikayarudia maneno ya mama kama alivyoyasema, kwamba aje, kwamba amemwita yeye mwenyewe.

Mdomo ule ulioshuka ulikuwa unacheza, nami sikujua kama ni ugonjwa au ni kitu kingine.

"Ana umri gani?" akauliza.

"Nani?"

"Mbwa."

"Sikuuliza."

"Hukuuliza." Sauti ilikuwa na ukali wa zamani, dhaifu tu. "Ameshapata joto la kutaka dume?"

"Sijui, mama."

Akashusha pumzi. Akautazama ule mkono wake wa kulia, akauinua kwa ule wa kushoto, akaufungua vidole kimoja kimoja, kisha akauachia ukarudi ulivyokuwa.

"Mwambie akiona damu amfungie ndani," akasema. "Wiki tatu. Asimwonee huruma akilia. Asimruhusu dume kuingia uani. Ampe maji kila siku." Akavuta pumzi tena, akanitazama usoni kuhakikisha nimeshika. "Wiki tatu kila mara, mpaka nije."

Nikasema nitamwambia.